Wakili wa Springfield, kabla hajawa mkubwa

Abraham Lincoln tunaemjua sisi ni yule wa kwenye noti ya dola, ndevu na kofia refu, rais wa Marekani aliepigana vita vya kuondosha utumwa. Skuli tulisomeshwa huyo na tukaishia hapo. Mimi lakini nafanya kazi ya ukarani kwa wakili hapa Chake Chake, kutwa niko na mafaili ya mashamba, mirathi, mikarafuu ya nani imevuka mpaka wa nani, na kwa kazi hii yule Lincoln wa mwanzo ndie alienishika khasa, yule wakili wa mji mdogo aliekaa kwenye baraza la jimbo kutunga sheria na mfukoni hana kitu.

Alizaliwa 1809 Kentucky, baba mkulima, mama yake Nancy akafariki 1818 yeye ana miaka tisa. Skuli alisoma kidogo sana, ukijumlisha yote haufiki hata mwaka. 1831 akahamia kijiji kinaitwa New Salem, Illinois, akawa muuzaji kwenye duka la mtu, alafu akafungua duka lake na mwenzake William Berry, duka likafa, na Berry nae akafa 1835, deni lote likabaki kwa Lincoln, kama dola 1,100 hivi, ambazo kwa mtu wa pale ni pesa za kutisha. Akawa posta masta, akawa mpima ardhi. Wadai wakapata hukumu, vyombo vyake vya kupimia na farasi wake vikapigwa mnada! Mkulima mmoja jirani, James Short, akavinunua vile vyombo kwenye mnada na kumrejeshea mwenyewe aendelee na kazi. Kila nikisoma hapo husimama, maana minada ya mali za wadaiwa naijua, makaratasi yake napiga chapa mwenyewe, na najua watu wanakujaje, wanakuja kutafuta cha rahisi. James Short alikuja na nia nyengine.

Ujumbe wa baraza la jimbo la Illinois aligombea mara ya kwanza 1832 akashindwa, lakini angalia hapa, kwenye kituo chake cha New Salem alipata kura 277 katika 300. Waliomjua walimpa, wasiomjua hawakumpa. 1834 akarudi tena akashinda, akakopa pesa ashone suti ili asiende Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati ule, na nguo za shamba. Sheria alikuwa hajaisoma bado. Mwenzake wa barazani, John Todd Stuart, ndie aliemuazima vitabu, akawa anajisomea peke yake, hakuna chuo wala mwalimu, mpaka 1836 akapata leseni. Yani alitunga sheria kwanza kisha ndio akawa wakili, watu wengi wanadhani kinyume chake.

Barazani alikaa vipindi vinne, na mambo yake hayakuwa yote mazuri. Wao wajumbe wa wilaya ya Sangamon walikuwa tisa, wote warefu, wakiitwa Long Nine, yani Warefu Tisa, wakafanikiwa kuhamisha mji mkuu kutoka Vandalia kuja Springfield kwao. Wapinzani walisema walibadilishana kura, nyinyi tupeni mji mkuu na sisi tutawapitishia reli zenu na mifereji yenu, na kweli 1837 ikapitishwa sheria ya miradi ya kama dola milioni 10, uchumi ukaanguka mwaka huo huo, jimbo likazama kwenye madeni miaka na miaka. Lincoln aliiunga mkono mpaka mwisho. Na 1840 yeye na wenzake wawili waliruka dirishani ili akidi isitimie kwenye mambo ya benki, wakajikuta wameshahesabiwa tayari.

Lakini 1837 hiyo hiyo alifanya jambo jengine. Baraza lilipitisha maazimio ya kuwalaani wanaotaka utumwa uondoshwe, kura 77 kwa 6, na yeye alikuwa katika wale sita. Machi akaandika pingamizi na mwenzake Dan Stone, wawili tu, kwamba utumwa umesimama juu ya dhulma na siasa mbaya. Humo humo wakasema pia kuwa wanaopiga kelele za kuuondosha wanazidisha madhara yake, kwa hivyo si kauli ya moto sana, ila ilikuwa kauli na ilikuwa na jina lake chini. Na kwetu wakati huo? Mwaka huo huo 1837 ndio konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja, nguo za merikani zinashuka bandarini, pembe za ndovu zinapanda, na mikarafuu inapandwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, Lincoln ameshakufa miaka minane.

Aprili ile ile akahamia Springfield. Godoro na vitu vyake vya kulalia vilikuwa dola 17 na yeye hana, mwenye duka Joshua Speed akamwambia njoo tulale kitanda kimoja juu ya duka, akapandisha mikoba yake akashuka akasema nimeshahamia. Ndio wakili alivoanza. Ada zake zilikuwa dola tano, kumi, ishirini. Barua na makaratasi ya kesi alikuwa akiyatia ndani ya kofia yake. Ofisini kulikuwa na bahasha moja kubwa imejaa vikaratasi, juu yake kaandika kwamba ukikosa kitu kila pahala kitafute humu. Sisi kwetu bahasha hiyo ipo, ila haina maandishi.

Msimu wa mahkama walitoka na jaji David Davis, farasi na vigari, wanakwenda wilaya moja baada ya nyengine, jaji na mawakili wanalala nyumba moja ya wageni, mchana wanagombana mahkamani na usiku wanakula meza moja. Mawakili wengine wakirudi kwao mwisho wa wiki, Lincoln anabaki huko huko. Kwa njia hiyo alijua kila mji mdogo, nani kagombana na nani, nguruwe wa nani kavunja uzio wa nani. Na katika maandishi aliyoyaacha aliwaambia mawakili wawazuwie watu na kesi, wawashawishi jirani kwa jirani wapatane. Wakili wangu husema vivo hivo, na wateja wengine hununa wakaondoka.

Kesi yake inayosimuliwa sana ni ya Duff Armstrong, Beardstown, 1858. Kijana kashtakiwa kwa kuua usiku wa Agosti 29, 1857, shahidi anasema aliona kila kitu kwa mbaramwezi, mwezi uko juu. Lincoln akamwacha aseme, akamrejesha aseme tena, alafu akatoa almanaki: saa hiyo mwezi ulikuwa chini unakaribia kutua. Kijana akaachiwa. Mama yake, Hannah, ndie aliekuwa akimpa Lincoln chakula na kumshonea nguo zamani New Salem, na ada hakumtoza.

Sasa hii nyengine husimuliwa kidogo. 1841 alisimama kwenye kesi iliyohusu uhuru wa msichana mmoja mweusi, Nance, kwenye mahkama kuu ya Illinois, akashinda. Oktoba 1847 akasimama upande wa Robert Matson, mwenye watumwa wa Kentucky, aliekuwa akitaka mahkama imrejeshee Jane Bryant na watoto wake. Alikuwa keshachaguliwa kwenda Kongresi, bunge la Marekani! Watu huniambia wakili ni wakili, humtetea aliemjia. Mimi sikubali. Alikuwa na hiari, na mtu aliesaini lile karatasi la 1837 alijua anafanya nini. Alhamdulillah alishindwa, Jane na wanawe wakapata uhuru wao. Washington alikaa kipindi kimoja, 1849 akatayarisha mswada wa kuondosha utumwa katika mji ule kwa kuwalipa fidia wenye watumwa, walioahidi kumuunga mkono wakamkimbia, akarudi kwenye kesi zake.

Mengi ya haya tunayajua, mazuri na mabaya, kwa sababu mshirika wake wa ofisi, William Herndon, baada ya Lincoln kuuliwa 1865 alikwenda kuwauliza wazee mmoja mmoja, akawaandikia barua, akakusanya. Hapa Pemba tulikuwa na mavakili, si wenye digrii, watu waliojua kusoma na kusema, waliowasimamia wanyonge kwenye mahkama za chini, hawa hawajaulizwa na wanaowakumbuka wanaondoka. Nimeanza kuandika ninayoyasikia kwa wazee wa hapa Chake. Mwenye mzee wake Wete, Mkoani, Micheweni, anaekumbuka kesi za mashamba za kabla ya eka tatu, zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, aniambie tu, Ijumaa baada ya sala nakuja, hata akitaka nimsikilize mpaka magharibi.