Daka la Mkomani

Niliposhuka gatini Lamu baada ya miaka 19 Jeddah, nilimwambia kijana mwenye punda anipelekee mizigo Mkomani, mtaa wetu wa nyumba za mawe. Akauliza, "Kwa mzungu yupi, ami?" Nilidhani ananitania, hadi tulipofika.

Nyumba ya kwetu ipo, na imepakwa chokaa vizuri kuliko tulivyowahi kuipaka sisi. Lakini daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe, ambamo marehemu baba alikaa kila alasiri na buli lake la kahawa, limefungwa kwa mnyororo na juu ya kiti chake cha mawe kumewekwa chungu cha maua. Nilitaka kukaa kidogo tu, upande wa kushoto, pale ambapo jiwe limelainika kwa kukaliwa. Mlinzi akaniambia kwa adabu kwamba wenyewe hawapendi, ingawa wenyewe huja wiki mbili kwa mwaka. Milango mitatu inayofuata nayo ina makufuli.

Hatukudhulumiwa; tuliiuza wenyewe. Tulikuwa warithi 11, paa likivuja. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na nyumba kama ile hutengenezwa kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, mikoko ikiwamo, hesabu ya fundi ikatushinda na kila mtu akataka fungu lake. Saini ya sita ni yangu. Tulijiliwaza kwamba Katiba ya 2010 haimpi mgeni ardhi zaidi ya miaka 99, kana kwamba kuna mmoja wetu atakayekuwepo kuipokea.

Dada yangu sasa anaishi Wiyoni, pembezoni mwa mji, katika nyumba ya matofali ya simiti na mabati ambayo adhuhuri haikaliki. Viwanja vimekatwa ovyo, mtaro hakuna, na maji ananunua kwa mitungi, ilhali huko Shela, kwenye michanga inayohifadhi maji tunayokunywa mji mzima, watu wanajenga majumba yenye mabwawa ya kuogelea.

Utotoni sisi wa Mkomani tuliuita mtaa wa Langoni "huko chini", kwa watu wa makuti. Wazee wetu walimnunia hata mwanachuoni Habib Swaleh alipowasomesha wale ambao waungwana hawakuwataka darasani. Leo Langoni bado ina watu, maduka na watoto wanaotoka Riyadha, msikiti na chuo alichoanzisha Habib Swaleh. Jirani wa dada, mzaliwa wa huko, alinikaribisha kwa kicheko: "Waungwana, mmetufuata mpaka Wiyoni!" Nilicheka naye, lakini chai haikunishuka.

Wenzangu mlio Jeddah na Muscat, mkiletewa karatasi ya kutia saini, ulizeni kwanza mama zenu watakaa wapi. Na anayetafuta kiwanja pembezoni aje wakati wa masika akiwa amekunja suruali; asije Januari, ardhi ikiwa kavu na madalali wakiwa wacheshi.