Kumbukumbu ya mradi: kusoma nguvu ya mnara wa simu, Mikindani

Kipimo changu ni simu ya zamani ya vitufe yenye menyu ya mafundi. Inaonyesha namba ya chaneli na kiwango cha mawimbi kwa dBm (desibeli za nguvu; namba hasi ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi), nami nakihitaji zaidi hicho kuliko vijiti vya mtandao.

Ufukweni Mikindani, simu ikiwa haina kazi, nasoma −69. Nikapiga nikiwa nimesimama palepale. Maongezi yakiendelea namba ikaanza kushuka: −71, −75, mpaka −81 ikatulia, na sauti safi kabisa. Nilifurahi mno, kwa sababu ndivyo GSM, mfumo wa simu wa 2G, inavyotakiwa kufanya kazi. Masafa yanayobeba BCCH, chaneli ambayo mnara hujitangazia na ambayo simu isiyo na kazi huisoma, hayapunguzwi nguvu. Mnara huyarusha kwa kiwango kilekile katika nafasi zote 8 za muda, maana simu zote za jirani huyapima ili zichague mnara wa kushika. Masafa ya maongezi ndiyo yanayobanwa, ngazi kwa ngazi ya desibeli 2, kufuatana na ripoti ambazo simu hutuma takriban mara 2 kwa sekunde. Kiwango cha kawaida cha mnara ni 43 dBm, yaani wati 20. Ondoa desibeli 12 kama nilivyoona, inabaki wati 1 na kidogo.

Nyuma ya kilima hali ni nyingine: −98. Ninaowapigia nawasikia, wao hawanisikii. Mama mmoja aliyekuwa anapiga simu uani kwake akaniuliza, "Mwanangu, si wauongeze tu nguvu huo mnara?"

Swali lake ndilo kiini cha mradi huu. Kuutoa mnara wati 20 hadi 40 ni kuongeza desibeli 3 tu. Vijiti vitapanda kwenye kioo, lakini simu ya mama kwenye masafa ya MHz 900 inaishia kurusha wati 2, haina pa kuongezea. Atasikia vizuri zaidi, lakini atasikika kama mwanzo tu. Dawa iko upande wa kupokea: antena mbili za kupokelea, au kikuza mawimbi kinachofungwa juu mnarani karibu na antena. Nilimweleza hivyo, akaniambia basi wafunge hicho.

Kinachofuata ni kusoma TA, namba inayoonyesha umbali wa simu kutoka mnarani, inayokwenda 0 hadi 63, kila hatua kama mita 550. Nitaanzia barabara ya Mtwara mjini, nikiandika kipimo kila inapobadilika.