Kikao kikisogezwa «mbele», ni siku gani?

Wanaochunguza jinsi watu wanavyouwaza wakati wana swali lao maarufu: kikao cha Jumatano ijayo kimesogezwa mbele siku mbili, kitakuwa lini? Anayejibu Ijumaa hujiona yeye ndiye anayeuendea wakati. Anayejibu Jumatatu huona wakati ndio unaomjia. Mwaka 2002 watafiti Lera Boroditsky na Michael Ramscar walionyesha kwamba hata safari huathiri jibu: walioshuka kwenye ndege muda huohuo walijibu Ijumaa zaidi kuliko waliokuja kuwapokea.

Swali hilo lilitungwa kwa Kiingereza. Ukilipeleka kwa Kiajemi neno kwa neno, linakufa. Kwa Waajemi, siku zijazo ni âyande, zinazokuja, na zilizopita ni gozashte, zilizokwisha kupita. Kikao kilichowahishwa husemwa jelo oftâd, kimeangukia mbele. Kilichoahirishwa ni aqab oftâd, kimeangukia nyuma. Kwa hiyo ukiuliza kwa jelo, umeshampa mtu jibu, na utatangaza kwamba Waajemi wote huona wakati ukiwajia. Huo ni uongo uliozaliwa na tafsiri. Afadhali useme jâbejâ shod, kimehamishwa, bila kutaja upande, kisha umwache aeleze kwa maneno yake. Zaidi ya hayo, Ijumaa Irani ni mapumziko, hakuna kikao. Tumia Jumanne na usogeze siku moja tu, ili Jumatatu na Jumatano zote ziwezekane.

Hapa Lubumbashi, Kongo, mambo ni matamu zaidi. Kiswahili cha vitabuni husema «kusogeza mbele» kwa maana ya kuahirisha, kinyume kabisa cha jelo. Lakini mitaani, kuanzia Kenya (mtaa wa hapa jijini, si nchi) hadi mtaa wa Katuba, «mbele ya kula» ni kabla ya kula, na «nyuma ya kazi» ni baada ya kazi. Neno moja, pande mbili, ndani ya kichwa kimoja. Swali linafaa kweli.

Ila usiseme Jumatano: hapa wengi huita Jumatatu kazi moja, hivyo hivyo hadi Ijumaa, kazi tano; mtu huyo anaweza kusikia «tano» akafikiria Ijumaa. Sema kazi tatu, yaani Jumatano; majibu yatakuwa kazi moja au kazi tano, zote siku za kazi. Uliza kwa mdomo, mikono ikiwa imetulia, maana kidole kikielekea mbele kimeshajibu. Kila mtu swali moja tu, maana jibu la pili huiga la kwanza. Kando ya jibu andika pia kama alisikia Kiswahili cha shule au cha mtaani. Usipoandika hilo, hutajua ni «mbele» ipi aliyoijibu.