Karatasi Mbili za Majibu

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu akitoka kliniki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mama, hivi mimi nina sura ya mtu mwenye kaswende?" Alikuwa amekwenda kwa hudhurio la kwanza la ujauzito, akatolewa damu, kisha akaona kwenye kadi yake kwamba kaswende ni miongoni mwa magonjwa aliyopimwa. Nilimweleza kwamba kila mjamzito hupimwa, mwenye pete na asiye na pete, kwa sababu ugonjwa huo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kidonda wala maumivu, huku ukimfikia mtoto tumboni na kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mfu. Alitulia, tukahamia kwenye habari za kichefuchefu. Mimi sikutulia, kwa kuwa kipimo alichokuwa akikilalamikia ndicho kilichomwokoa yeye mwenyewe, naye hajui.

Nilipokuwa na mimba yake sikuumwa chochote. Mtaalamu wa maabara alichukua seramu ya damu yangu, akaichanganya na dawa yenye chembe nyeusi juu ya kadi nyeupe, na chembe zile, ambazo kwa mtu asiye na tatizo hubaki zimetawanyika sawasawa, zikashikana mabonge mabonge. Hicho ndicho kipimo cha RPR. Kwa kuwa huweza kudanganya, maana malaria na hata ujauzito wenyewe huweza kukipotosha, walifanya kingine cha kuthibitisha, kinachotafuta kingamwili dhidi ya bakteria anayeleta kaswende, Treponema pallidum. Nacho kikaleta jibu lile lile. Nikaambiwa nirudi pamoja na mume wangu. Jinsi nilivyomfikishia baba watoto ujumbe huo naomba niiruke. Itoshe kusema kwamba alikuja.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Alifunga mlango, akaketi, na kabla hajataja ugonjwa wowote akasema, "Naomba mnionyeshe viganja vyenu." Tukavinyoosha mezani, vinne kwa pamoja, kama wanafunzi wanaokaguliwa kucha. Alivigeuza kimoja kimoja, akavisogeza penye mwanga wa dirisha, kisha akatuomba tuvue viatu ili atazame na nyayo. Alikuwa akitafuta upele wa hatua ya pili, ambao aghalabu hauwashi, na ambao hujitokeza wiki kadhaa baada ya kidonda cha kwanza, hata mahali ambapo vipele vingine havipendi kuota. Hakuona kitu. Akauliza, kwa sauti ile ile ambayo mtu angeulizia umri, kama kati yetu kuna aliyewahi kupata kidonda sehemu za siri, kigumu pembezoni, kilichopona chenyewe bila dawa. "Kisichouma," akaongeza. "Ndiyo maana watu hukisahau."

Mume wangu alisema hakumbuki. Mimi nilisema hapana, na nilikuwa nikisema kweli, lakini yule mama alieleza, bila kumlenga yeyote, kwamba kidonda cha mwanamke huweza kutokea kwenye shingo ya kizazi, mahali ambapo hata mwenyewe hawezi kukiona. Nikatambua kwamba hapana yangu na sikumbuki yake vilikuwa na uzito mmoja, yaani mdogo sana.

Kisha akaziweka mezani karatasi mbili za majibu, yangu na ya mume wangu aliyekuwa ametolewa damu asubuhi hiyo. Yangu ilisomeka 1:16 na yake 1:8. Niliyaona macho yake yakienda kwenye karatasi yangu, yakirudi kwenye yake, kisha yakienda tena kwangu, na nilielewa vizuri hesabu aliyokuwa akiifanya kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaimaliza. Mwenye namba kubwa ndiye nani? Ndiye aliyeanza, au ndiye aliyeletewa? Nilikuwa tayari nimejitetea kichwani kwa hoja ya kwanza na kumshtaki kwa hoja ya pili. Yule mama akaweka kiganja chake juu ya karatasi zote mbili.

"Baba," alisema, "hiyo namba inaonyesha tu kwamba seramu ya mama imezimuliwa mara kumi na sita na bado kipimo kimeitika, na yako mara nane. Haisemi ugonjwa uliingia lini, wala nani alimletea mwenzake. Nyote wawili mlikuwa watu wazima kabla ya kuoana. Katika kazi hii sijaona kipimo kinachojibu swali mlilo nalo, na mtoto huyu hana muda wa kungoja jibu lake."

Kwa kuwa hakuna aliyejua ugonjwa umekaa muda gani, tulitibiwa kama watu walioambukizwa zamani: benzathini penisilini, uniti milioni 2.4 kila wiki kwa wiki tatu, ambapo anayegundulika mapema angemaliza kwa dozi moja. Dawa yenyewe ni nzito, huingia taratibu, na dozi hugawanywa matako yote mawili ili upande mmoja usibebe mzigo wote. Kabla ya kutuchoma aliuliza sana kuhusu mzio, hasa kwangu, kwa sababu mtu asiye mjamzito angeweza kupewa doksisaiklini, ilhali kwa mjamzito penisilini ndiyo dawa inayotegemewa kumtibu mama na mtoto kwa pamoja. Nilikuja kusoma baadaye kwamba John Mahoney, daktari wa Marekani, alianza kuitumia penisilini kutibu kaswende mwaka 1943, na kwamba hadi leo bakteria huyu hajajifunza kuishinda, jambo ambalo kwa kweli halina kawaida katika dunia ya vijidudu.

Usiku wa sindano ya kwanza nilishikwa na homa, baridi na maumivu ya viungo. Tulikuwa tumeonywa kwamba mwili huweza kuitika hivyo saa chache baada ya dawa, bakteria wanapokufa kwa wingi, na kwamba hali hiyo hupita ndani ya siku moja. Ila nikihisi tumbo likikaza kwa vipindi, au mtoto akipunguza kucheza, twende hospitali mara moja. Mume wangu alikesha ameweka mkono tumboni mwangu, akihesabu mateke. Karibu na alfajiri, homa ikianza kushuka, alisema, "Nisamehe." Nikamjibu, "Nawe unisamehe." Sikumuuliza anaomba msamaha wa nini. Huenda ulikuwa wa ugonjwa, huenda wa yale macho yake juu ya karatasi, na huenda alikuwa amesinzia kidogo akakosea hesabu. Naye hakuniuliza wa kwangu ni wa nini.

Binti alizaliwa akiwa mzima, akilia kwa nguvu. Damu yake iliitika kidogo kwenye RPR, nikaishiwa nguvu, mpaka nilipoelezwa kwamba kingamwili zangu zilikuwa zimepita kwenye kondo la nyuma na kwamba, ikiwa ni za kwangu kweli, zingepotea zenyewe. Alipopimwa tena akiwa na miezi sita hazikuwepo. Yangu ilishuka kutoka 1:16 hadi 1:4, na kushuka mara nne ndiko wanakokuhesabu kuwa dawa imefanya kazi.

Kile kipimo kingine, cha kuthibitisha, huwa hakishuki. Kwa wengi hubaki kikiitika maisha yote, hata mwili ukiwa umeshapona, na ndiyo sababu ninaitunza karatasi yangu ya matibabu pamoja na vyeti vingine, nisije nikachomwa upya kwa ugonjwa nisionao. Mume wangu ilimpasa atunze yake kwa sababu hiyo hiyo. Aliichana mwaka ule ule, na hilo pia sijamuuliza.