Unga wa Bibi Makaburini Ndanda

Leo nimempeleka bibi kliniki ya macho Ndanda. Tulipomaliza hakutaka kwenda stendi. "Nipeleke kwa Sista kwanza," akasema. Sista mwenyewe alifariki mimi sijazaliwa.

Bibi aliugua ukoma akiwa binti mdogo, miaka ya 1950. Nyumbani walimtengea sahani yake na mkeka wake, mwisho baba yake akampeleka Mwena, kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyokuwa chini ya misheni. Kila asubuhi Sista, mtawa wa Kijerumani, alikaa kwenye kigoda, akaupakata mguu wa bibi, akaosha kidonda na kukifunga upya. Vidonge vya dapsone bibi alivimeza miaka na miaka, lakini si vidonge anavyosimulia. Anasimulia kupakatwa. "Mama yangu mzazi alikuwa ananiwekea chakula chini, halafu anarudi nyuma." Hamlaumu. Ukoma ulitisha watu.

Njiani nilikuwa nawaza habari za 1905. Majimaji ilipofika huku, misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, Sista Walburga Diepolder akauawa. Kule Mikukuyumbu, Liwale, waliuawa Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne. Waliowaua ni watu wa kwetu, waliochoshwa na kodi, viboko na kazi za shuruti. Mzungu wa boma na mzungu wa kanisa, nani angewatofautisha siku ile? Mwaka uliofuata, 1906, watawa Wakatoliki wa shirika la Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Ndanda. Nikiwaza kwamba baada ya yote hayo alikuja binti wa watu akakaa kwenye kigoda kile hadi uzee, mama yake akazikwa Ujerumani yeye hayupo, nashindwa kuendelea kuwaza.

Bibi hajui kusoma. Alihesabu misalaba kwa mkongojo, akasimama. Akafungua pindo la kanga, akatoa unga wa mtama, akaumwaga kidogo kidogo chini ya msalaba, vile Wamakua tunavyowafanyia wazee wetu waliotangulia.

"Shikamoo, Sista. Nimekuja na mjukuu."

Nilitazama huku na huku, nikihofia padri asije akatukuta. Bibi wala hakuwa na habari. Alininyooshea pindo la kanga.

"Na wewe weka."

Nikapiga goti, nikaweka.