Monita ya ofisini: tazama maandishi kabla ya inchi

Mtu akitumwa kununua monita za ofisi, swali la kwanza huwa inchi ngapi. Halitoshi. Mhasibu, karani au mwanasheria anashinda akisoma herufi ndogo, na herufi hizo huwa kali au hafifu kutegemea pikseli ngapi, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zimebanwa ndani ya kila inchi.

Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 kwa inchi. Pikseli zilezile ukizitandaza kwenye inchi 27, zinashuka hadi 82 hivi. Huongezewi hata mstari mmoja wa Excel. Herufi zinanenepa tu na kingo zake zinaanza kukwaruza macho. Ndiyo maana monita kubwa ya bei poa huvutia dukani inapoonyesha video, kisha ikamchosha anayesoma mikataba. Ukitaka inchi 27, nunua yenye 2560 kwa 1440, ambayo inafika 109 hivi. 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwa ukubwa huo ina maandishi safi sana, ila wengi hulazimika kuyakuza hadi asilimia 150 kwenye Windows, na baadhi ya programu za zamani zikikuzwa huonyesha maandishi yenye ukungu.

Kwa wafanyakazi wengi mimi ningechukua inchi 24, kioo cha aina ya IPS, basi. Kuna aina nyingine mbili: vioo vya TN hubadilika rangi ukikaa upande kidogo, na baadhi ya vya VA huacha kivuli nyuma ya herufi nyeusi unaposogeza ukurasa. Kwa mhasibu ningetafuta ya 1920 kwa 1200. Zile pikseli 120 za ziada kwenda chini, ukilinganisha na 1080, ni mistari sita ya Excel, maana mstari wa kawaida, bila kukuza, huchukua pikseli 20. Anayelinganisha hesabu kutwa nzima ataiona tofauti.

Pesa utakayookoa kwenye inchi, iweke kwenye stendi. Ukingo wa juu wa skrini unatakiwa uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na skrini iwe mbali kama urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70. Stendi nyingi za bei ya chini huinama mbele na nyuma tu, hazipandi, ndipo unapokuta monita zimeegeshwa juu ya rimu za karatasi. Rimu moja ya A4 inainua kama sentimita 5, kwa hiyo inasaidia, lakini haishuki anapokuja kukaa mtu mwingine. Anayevaa miwani ya lenzi mbili anahitaji skrini iwe chini zaidi: yeye husoma kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na skrini ikiwa juu ataishia kuinua kidevu siku nzima na kuumwa shingo. Kama stendi haipandi, angalau hakikisha mgongoni pana matundu manne ya skrubu, milimita 100 kwa 100, ili baadaye uifunge kwenye mkono wa chuma wa mezani unaoishikilia.

Runinga ya inchi 32 si mbadala mzuri. Nyingi za bei nafuu zina pikseli 1366 kwa 768 tu, na baadhi hukata kingo za picha hadi uingie kwenye menyu uzime ukuzaji.

Kwenye nyaya za kuunganisha monita na kompyuta, tumia HDMI au DisplayPort. VGA, aina ya zamani, hupitisha mawimbi ya analogi, hivyo waya mrefu au mbovu huleta herufi zenye kivuli. Monita ya 4K ikiunganishwa kwa HDMI 1.4, toleo la zamani, inaishia picha 30 kwa sekunde, na mshale wa mausi unaonekana kuburuta. USB-C inayochaji laptopu kwa waya huohuo ni raha, lakini si kila tundu la USB-C hutoa picha. Soma kwanza vipimo vya laptopu yenyewe.

Ukinunua zilizotumika, nenda na laptopu na waya wako. Jaza skrini rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Pikseli zilizokufa zitajitokeza, na kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja pembeni. Jaribu kila tundu, bonyeza kila kitufe. Kama inatumia adapta ya nje, linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta na zile za mgongoni mwa monita. Adapta yenye ampea pungufu huweza kuizima monita pale unapopandisha mwanga.

Ukifika ofisini, iweke dirisha likiwa ubavuni, si mbele wala nyuma ya mtumiaji. Kisha shika karatasi nyeupe kando ya skrini iliyofungua waraka mtupu, na ushushe mwanga hadi weupe wa skrini ulingane na wa karatasi. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali mno kwa chumba cha kawaida.