Shoka la zamani: kazi yote iko kwenye tundu

Jana usiku nimemaliza shoka la sita na mikono bado inanuka mafuta ya kitani, kwa hiyo acha niandike kabla sijasahau. Watu wengi wakiona shoka la zamani lililoliwa na kutu wanaangalia makali tu, wanauliza hili litakata tena kweli? Mi siku hizi makali nayaangalia mwisho. Cha kwanza nageuza kichwa nachungulia tundu, pale mpini unapoingia, sababu makali unayarudisha kwa tupa jioni moja tu, lakini tundu likishapasuka, au limetanuka kwa vile mtu alikuwa anagonga kisogo na nyundo nzito miaka na miaka, hapo nyumbani hakuna dawa, liache. Lining'inize na kamba uligonge na kipande cha chuma usikilize. Lililo zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya kufa.

Mpini wa zamani ukivunjikia ndani usichome moto, nakuomba. Najua ni njia ya haraka, unatupa kichwa kwenye makaa, mbao inaungua, unabaki na chuma kitupu. Lakini ugumu wa yale makali ulipatikana kwa moto uliopimwa na moto mwingine unaufuta. Chuma kikigeuka bluu maana yake pale kimefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na makali hayo hayatakaa tena, yatajikunja kila ukigonga fundo. Na moto wa kawaida wa kuni unapita hizo nyuzi 300 kwa mbali sana. Grinda nayo ni hivyo hivyo, cheche kidogo tu pale kwenye ncha nyembamba, unashtukia bluu imetokea na huwezi kuirudisha. Kwa hiyo kata mpini kwa msumeno chini ya kichwa, toboa toboa mbao kwa drili, halafu ugonge itokee juu, sio chini, kwa sababu tundu ni pana zaidi upande wa juu.

Kutu natoa kwa siki ya kawaida. Ndoo ya plastiki, siki ifunike kichwa chote, siku moja inatosha, na katikati ya hiyo siku nakitoa nakisugua na brashi ya waya nakirudisha. Usikisahau humo wiki nzima, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Nikitoa nakiosha kwa maji yenye magadi soda kuua ile asidi, nakausha hapo hapo na kupaka mafuta, maana chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu mpya ndani ya dakika chache, unakiona kabisa kinageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yako.

Na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kwenye mashoka mengi ya kale mhunzi alitengeneza mwili kwa chuma laini, halafu akaunganisha kwa moto kipande cha feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali, pale kwenye makali tu. Kutu ikiwepo huoni kitu. Lakini siki inashika vyuma viwili tofauti kwa namna tofauti, kwa hiyo ukisugua ule weusi unaanza kuona mstari, umepinda pinda kama ukingo wa maji mchangani, juu yake kijivu cheupe, chini yake kijivu cheusi. Ni kazi ya mkono wa mtu ambaye hatumjui hata jina. Hili la jana nilikaa nalo dirishani muda mrefu nalizungusha tu. Mstari huo pia unakuambia feleji imebaki kiasi gani, ukikuta imeshanolewa mpaka karibu kuisha basi hilo ni la kutunza, sio la kazi.

Makali sitasema mengi. Tupa kali, kichwa kimebanwa vizuri kwenye jiliwa, glavu nzito, unasukuma tu, huburuti kurudi. Paka kalamu ya maka pale unapotaka kunoa, utaona tupa inagusa wapi. Tupa ikiteleza bila kuuma, pale chuma ni kigumu sana, ikiuma vizuri pako sawa. Pengo dogo usilifukuze mpaka liishe, utamaliza feleji bure, litaondoka lenyewe ukiendelea kunoa. Malizia na jiwe la kunolea kwa kuzungusha, ukiacha tumbo kidogo, sio bapa kama kisu, maana makali bapa na membamba yanamenyeka kwenye mbao ngumu.

Sasa mpini. Shoka langu la kwanza kichwa kilikuwa kinacheza na nikafanya nilichoona watu wakifanya, nikalilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kama limechomelewa. Wiki ya tatu napasua kuni kichwa kikachomoka kikapita hatua moja tu kutoka kwa mdogo wangu aliyekuwa anaokota vipande. Sikulala vizuri siku kadhaa. Baadaye ndo nikaelewa, mbao ikinyonya maji inavimba, lakini chuma hakisogei, kwa hiyo nyuzi za mbao zinajiponda zenyewe humo ndani, ikikauka inakuwa nyembamba kuliko mwanzo. Kila ukiloweka unazidi kuiharibu.

Kwa hiyo mbao lazima iwe kavu kabisa kabla hujaanza. Mi napima mpini kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili tatu, uzito ukiacha kushuka ndo naanza. Chagua wenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ukiangalia kitako chake mistari ya mti iende sambamba na makali, isikatize. Nyuzi zikitokea ubavuni katikati ya mpini, hapo ndipo utavunjika. Na mipini mingi ya kununua ni minene mno na imepakwa vanishi, mi nakwangua vanishi yote na kupunguza unene, mpini mwembamba kiasi unanesa kidogo na mkono haupokei kishindo chote.

Kuingiza ndo kazi yenyewe. Napaka masizi na tone la mafuta ndani ya tundu, naingiza mpini, halafu nashika shoka hewani kichwa kikining'inia chini na kugonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kichwa kinapanda mpini chenyewe bila kuguswa na chochote, kwa sababu ni kizito kinabaki palepale wakati mpini unashuka kukipitia. Kikigoma nakitoa, naangalia weusi umeshika wapi, nakwangua pale palipo peusi tu kwa kipande cha kioo, mkwaruzo mmoja mmoja, narudisha. Hili la jana nilirudia labda mara kumi na tano. Mwanzo weusi ni madoa mawili matatu, mwishoni unaenea pande zote na sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa fupi na ngumu. Ukifika hapo shoka linakaa hata kabla ya kabari, ile inayopigiliwa juu ya mpini kuutanua ndani ya tundu.

Kabari yangu ni ya mbao laini kavu, mpasuo wake kwenye mpini unashuka kama theluthi mbili za kina cha tundu. Zile kabari za chuma sizitumii, zinapasua mbao na ukitaka kubadilisha mpini ni mateso. Naacha mbao ichomoze milimita tano hivi juu ya tundu, ikitanuka pale juu inashika kichwa kisitoke. Halafu mafuta ya kitani, mpini wote mpaka kwenye ile mbao iliyochomoza. Na vitambaa vya mafuta hayo usivikunje ukatupa kwenye kona, yakikauka yanatoa joto na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke au vitie kwenye maji.

Kitu cha mwisho ninachofanya, nachora mstari wa penseli kwenye mpini pale kichwa kinapoishia chini. Kichwa kikipanda hata unywele mmoja, nitauona mstari umeachwa nyuma, nasimamisha kazi hapo hapo. Kwenye shoka la tano nilichora mwezi uliopita, nimepasua nalo karibu kila siku, na leo asubuhi nimepitisha kucha pale, bado chuma kimekaa juu ya penseli.